Salbutamoli ya nebulaiza: soma lebo kabla ya kuchota

Salbutamoli ya nebulaiza, dawa ya kufungua kifua kilichobanwa na pumu, huja kwa sura mbili, na hatari huanzia hapo. Kuna kichupa cha kutumika mara moja, mililita 2.5, ambacho ndani yake mnaweza kuwa na miligramu 2.5 au 5, kutegemea kiwanda. Halafu kuna chupa ya dawa nzito, miligramu 5 katika kila mililita, inayochotwa kwa bomba la sindano. Muuguzi aliyezoea vichupa akishika chupa nzito usiku na kuchota mililita 2.5 kama kawaida yake, mtoto atapata miligramu 12.5 badala ya 2.5. Mara tano! Alitakiwa kuchota nusu mililita tu, kisha aongeze maji ya chumvi ya asilimia 0.9 hadi ifike mililita 4 au 5. Katika mji wa bandari kama Kalemie, ambako mizigo huja kwa ziwa kutoka Kigoma na kwa barabara kutoka Lubumbashi, sura zote mbili zaweza kukutana kwenye kabati moja.

Mwongozo wa tiba wa Madaktari Wasio na Mipaka (MSF), shirika lililofanya kazi Kalemie miaka mingi, unapanga dozi kwa umri. Kwa shambulio kali, mtoto wa kuanzia mwezi 1 hadi chini ya miaka 5 hupewa miligramu 2.5, wa miaka 5 hadi 12, kati ya 2.5 na 5. Aliyezidi hapo, na mtu mzima, 5. Hurudiwa kila dakika 20 hadi 30.

Wengi hushangaa: mtoto wa kilo 10 anapewaje nusu ya dozi ya baba wa kilo 70? Jibu ni kwamba kilichomo kwenye kikombe cha mashine sicho kinachofika mapafuni. Sehemu kubwa hubaki kikombeni, hupotea hewani au hunaswa puani. Kinachofika ni kama sehemu moja ya kumi. Mtoto huvuta pumzi ndogo, na akilia au barakoa ikiachia, hupata pungufu zaidi. Kwa hiyo barakoa iliyokaa sawa na mtoto aliyetulia mapajani mwa mama vina maana kuliko kubishana juu ya miligramu.

Shambulio likiwa kali, nebulaiza isukumwe na oksijeni, lita 6 hadi 8 kwa dakika. Salbutamoli hufungua hata mishipa ya damu kwenye sehemu za mapafu zisizopata hewa, na oksijeni mwilini inaweza kushuka kwanza kabla ya kupanda. Mashine nyingi za kuzalisha oksijeni za lita 5 hazina nguvu ya kusukuma nebulaiza vizuri. Mtungi unafaa zaidi.

Je, umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, ukikatika? Hapa ndipo ningependa kila kituo cha afya kijiandae kwa pampu ya pumu, isiyohitaji umeme. Mwaka 1999, Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha katika jarida la Lancet utafiti ulioonyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako ili mdomo wa pampu ya pumu ukae bila kuvuja, iliwasaidia watoto wenye pumu sawa na chemba ya kupitishia dawa iliyotengenezwa kiwandani. Pumzi moja ya pampu ni mikrogramu 100. Hupewa pumzi 2 hadi 4, moja moja, na kurudiwa kila dakika 20 hadi 30.

Baada ya kila dozi, hesabu pumzi na mapigo ya moyo, tazama mikono kama inatetemeka. Dozi nyingi mfululizo hushusha potasiamu kwenye damu na kuuchosha moyo. Mtoto mchanga mwenye bronkiolaiti kwa kawaida hapati nafuu yoyote kwa dawa hii, hata ukirudia.

Kwa mtu mzima kuna tahadhari nyingine. Mama aliyepika kwa kuni na makaa miaka thelathini anaweza kuwa na ugonjwa sugu wa mapafu, si pumu. Huyo nebulaiza yake isukumwe kwa hewa ya kawaida, na oksijeni apewe kidogo kidogo kwa mrija wa puani, kipimo cha kidoleni kikilenga asilimia 88 hadi 92.