Moscow 1980: Hesabu ya Glukosi Iliyomponyoka Bayi

Dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ambayo Tanzania ilistahili kuitwaa ilipotea tarehe 31 Julai 1980 mjini Moscow, katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, wala haikupotea penye kiunzi cha mwisho cha maji, kama wasimuliavyo walioitazama filamu yake kwa huzuni kuliko kwa makini. Ilipotea mapema zaidi, pale Filbert Bayi, akiwa mbele tayari na hapana amfukuzaye, alipoazimu kuzidi kujitenga na wenziwe kwa kasi ambayo misuli ya binadamu, hata binadamu hodari kama yeye, haiwezi kuigharimia kwa muda wa dakika nane. Nayasema haya kwa taadhima, maana katika wanariadha wote wa taifa hili hapana nimtukuzaye kuliko yeye. Walakini tangu Alphonce Simbu, mwana wa Singida, alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia mjini Tokyo mnamo Septemba 2025, hapa Manyoni hakuna baraza liishalo bila mtu kuitaja mbio ile ya Moscow kuwa kipeo cha ushujaa, na kuwaasa vijana waifuate. Ushujaa wake na waufuate. Uamuzi wake, hasha.

Yaliyofanywa vema siku zile hayahitaji maneno mengi. Bronisław Malinowski wa Poland aligawa nguvu zake sawasawa akamaliza kwa 8:09.70, na kesho yake Suleiman Nyambui alikaa ndani ya kundi la mita 5,000 hadi mwisho, akaleta fedha nyuma ya Miruts Yifter. Bayi alimaliza kwa 8:12.48. Sekunde mbili na nukta 78 ndizo tunazozijadili, na sharti zijadiliwe ndani ya seli, kwani huko ndiko zilikopotelea.

Msomaji wa safu hii hahitaji kuelezwa upya namna glukosi inavyotoa nguvu, lakini hesabu yenyewe nataka iwe mbele ya macho yetu. Katika majimaji ya seli, nje ya mitokondria, glukosi moja hupasuliwa ikawa piruvati mbili, na faida yake ni ATP mbili tu. Kazi hiyo ni ya haraka, wala haihitaji oksijeni. Oksijeni ikitosha, piruvati huingia katika mitokondria, na humo, kwa mzunguko alioufafanua Hans Krebs mjini Sheffield mwaka 1937, kaboni yake hutolewa ikawa hewa tuitoayo puani, na haidrojeni yake huchukuliwa hadi kwenye utando wa ndani. Hapo elektroni hupokezanwa kutoka protini moja hadi nyingine, mpaka oksijeni izipokee mwishoni na maji yafanyike. Na nguvu itokayo katika safari hiyo husukuma protoni upande mmoja wa utando, kisha protoni zirudipo kwa kupitia kimeng'enya kinachozunguka kama pia ndipo ATP hutengenezwa kwa wingi. Jambo hilo Peter Mitchell alilieleza mwaka 1961, akabishiwa kwa miaka mingi, hata akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978. Jumla ya mavuno, kwa hesabu za siku hizi, ni ATP 30 au 32 kwa kila glukosi. Nimekwisha lalamika, wala sitachoka kulalamika, kwamba vijana wetu bado wanakaririshwa 38, idadi ambayo ingewezekana tu lau utando ungekuwa hauvuji protoni hata moja, na lau kusafirisha ATP kutoka ndani ya mitokondria kungekuwa hakuna gharama.

Basi turejee Moscow. Njia ya oksijeni ina dari yake: moyo husukuma kiasi maalumu cha damu, damu hubeba kiasi maalumu cha oksijeni, na mkimbiaji akiifikia dari hiyo, kila nyongeza ya kasi sharti igharimiwe na mpasuko wa glukosi peke yake. Maana yake ni kwamba ATP ambayo ingepatikana kwa glukosi moja ndani ya mitokondria yahitaji glukosi kumi na tano nje yake, na piruvati isiyopata nafasi ya kuingia hugeuzwa kuwa laktati ili kazi isisimame. Na hapa yanijia tena chuki yangu ya zamani na makocha waiitao laktati sumu. Moyo huila, ini huirudisha ikawa glukosi, na misuli iliyopumzika huitumia. Kinachouchosha msuli ni protoni na fosfati zinazorundikana pamoja na kasi hiyo isiyo na kiasi, hata nyuzi za misuli zikashindwa kushikana na kuachana kwa nguvu ile ya mwanzo. Mwanariadha mwenyewe husikia miguu ikiwa mizito. Kichwa kinaamuru, na paja linachelewa kutii.

Sasa tazameni Bayi alifanya nini. Aliongoza tangu awali, akafungua mwanya wa makumi ya mita, na duru baada ya duru akawa anaupanua ilhali Malinowski hakushughulika kumfuata. Tena hii haikuwa mbio tambarare: ina viunzi 28 na maji saba, kila kiunzi kimo chake ni sentimita 91, na kila mruko ni mlipuko mdogo wa nguvu ambao aghalabu oksijeni haiwahi kuulipia palepale, ukifuatwa na kutua kunakopunguza mwendo na kulazimisha kuuanzisha upya. Mtu akiwa chini ya dari yake, deni la mruko hulipwa kabla ya mruko ufuatao. Akiwa juu ya dari, deni huongezwa juu ya deni, mara thelathini na tano. Ndiyo sababu hatima yake ilionekana majini. Kile kiunzi cha maji ndicho kidaicho miguu kuliko vyote, kwani aghalabu unyayo hukikanyaga kwa juu na kuurusha mwili kupita sehemu ya kina, na paja lililojaa protoni halirushi. Malinowski alimpita katika duru ya mwisho, hapo penye maji, naye alikuwa mtu yuleyule wa dakika ya kwanza.

Watetezi wa uamuzi ule huleta hoja moja, na kwa insafu niiseme: kwamba hivyo ndivyo Bayi alivyokimbia Christchurch tarehe 2 Februari 1974, akaongoza mita 1,500 kutoka mlio wa bastola, akamaliza kwa 3:32.16 na kumwacha John Walker kwa 3:32.52, wote wawili wakiwa chini ya rekodi ya Jim Ryun ya 3:33.1. Mbio ile naiona kuwa bora kuliko zote zilizokimbiwa na Mtanzania, wala katika wakimbiaji wa leo simwoni wa kuifikia, hata Simbu wetu. Lakini ndiyo inayomhukumu. Akiba ya nguvu isiyotegemea oksijeni ni kiasi kimoja, iwe mbio fupi au ndefu. Katika dakika tatu na nusu yaweza kulipa kama moja ya tano ya gharama yote, na mbio huisha kabla mdai hajabisha hodi. Katika dakika nane, takribani sehemu tisa katika kumi sharti zitoke mitokondria. Umbali ulizidi maradufu, akiba haikuzidi, na tadbiri ikabaki ileile.

Na liumizalo zaidi ni kwamba Bayi hakuwa na haja yoyote ya kutoroka. Katika fainali ile hapakuwa na mtu mwenye kasi ya mita 1,500 kama yake, mtu aliyekwisha kuwa na rekodi ya dunia ya umbali huo, na ya maili pia, 3:51.0 mjini Kingston mwaka 1975. Lau angekaa begani mwa Malinowski hadi kengele, akafika duru ya mwisho na akiba yake kamili, ni nani angemfuata? Aliyekuwa na silaha kali kuliko wote mwishoni ndiye aliyeitumia mwanzoni, na kumwachia mwenye silaha butu ashinde kwa saburi.

Naamini Montreal ilikuwa ndani ya miguu ile. Mwaka 1976 nchi yetu, pamoja na nyinginezo za Afrika, iliisusia Olimpiki kwa sababu ya raga ya New Zealand na Afrika Kusini ya makaburu, na msimamo ule ulikuwa wa haki. Lakini Walker alitwaa dhahabu kwa 3:39.17, sekunde saba nyuma ya saa ya Bayi ya Christchurch, na hata leo wapo wanaomweka Walker juu yake. Mtu aliyenyimwa pambano lake miaka minne huingia uwanjani na kiu ya kumaliza hoja dakika ya kwanza. Kiu hiyo naielewa. Seli haikuielewa.

Maradhi haya ya kuongoza kwa pupa hayakuishia kwake, maana hata Juma Ikangaa, aliyeitawala marathoni ya New York kwa 2:08:01 mwaka 1989, alipenda mno kuwavuta wenzake, na Boston mwaka 1988 Ibrahim Hussein alimpita kwa sekunde moja tu. Simbu kule Tokyo alikaa na kundi, akamshinda Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde.

Kijana wa Manyoni anayepanda mteremko wa Bonde la Ufa kutoka Saranda anaweza kuijua hesabu hii bila maabara: akianza kwa fujo, ugali wa uwele alioula jana, ambao usiku kucha umekuwa glikojeni misulini, atauteketeza kwa faida haba, na njiani atatembea; bali akianza kwa mwendo ambao pumzi yake inaumudu, wanga uleule utamlipa thelathini na kumfikisha juu akiwa na kasi ya kumalizia. Makocha wamfundishe hivyo, na walimu wa baiolojia waende naye uwanjani, wamwonyeshe Krebs akiwa na viatu vya mbio. Na kwa yeyote atakayejaliwa kasi ya mwisho kuwapita wenziwe, kanuni ni moja: kabla ya kengele hapana haja ya kuongoza, na baada ya kengele hapana ruhusa ya kungoja.