Kitabu cha Jumamosi ya Mwisho

Wiki moja kabla ya sherehe, Bibi huweka kiti cha plastiki mwisho wa baraza yake, akakiegemezea kitabu kilichofunuliwa katikati, kisha akarudi nyuma akihesabu hatua. Zikifika nane anasimama, anavua miwani na kutazama. Kama kutoka pale haonekani nani anafanya nini kwenye picha, kitabu kinarudi kabatini, hata kama kimesifiwa dunia nzima. Hatua nane ndio umbali kutoka kwenye kiti chake mpaka ukuta wa nyuma wa maktaba yetu. Ukutani ndipo wanapojibana watoto wanaochelewa, na aghalabu wanaochelewa ndio wasio na kitabu hata kimoja nyumbani.

Maktaba yenyewe ni chumba kimoja, hapa mtaani kwetu Tanga. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunasherehekea kwa pamoja watoto wote waliozaliwa mwezi huo, maana si kila nyumba inamudu keki. Panakuwa na jamvi, sinia la visheti, maputo machache, na kitabu kimoja cha picha kinachosomwa kwa sauti. Anayekichagua ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi ambaye sote, wakubwa kwa wadogo, tunamwita Bibi. Mimi nabeba mikeka. Nimeibeba miaka minne sasa, na muda mwingi wa miaka hiyo niliamini kwamba uhodari wake uko kwenye kusoma. Ana sauti nzuri, hilo halina ubishi. Lakini siku Bibi alipougua malaria nikasoma mimi, tena kitabu kizuri nilichokichagua kwa mapenzi, kuhusu wakulima, kwa kuwa ulikuwa mwezi wa Nane Nane. Kila ukurasa ulikuwa na aya tatu. Nilipofika ukurasa wa sita nusu ya watoto walikuwa wanafungua na kufunga vifungo vya mashati yao. Nilipokwenda kumjulia hali nikamweleza. Akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, wao uliwaachia waseme wapi?"

Hapo ndipo nilipoanza kumfuatilia.

Sisi wengine tukiambiwa tutafute kitabu cha mwezi fulani tunaanza na mada. Mwezi wa miti, kitabu cha miti. Bibi anaanza na mdomo. Anasimama jikoni wakati wali unakauka, anasoma kwa sauti kamili kana kwamba watoto wako mbele yake, na kila ulimi unapojikwaa anachomeka kipande cha karatasi. Vipande vikizidi vitatu, kitabu kimeshindwa au maneno yake yapunguzwe. Kisha anarudia kukisoma, safari hii akitafuta nafasi: mstari unaojirudia ambao mtoto ataudaka mara ya pili na kuusema mwenyewe mara ya tatu, au swali lililoachwa hewani. Bibi amekulia kwenye paukwa na pakawa, na kwake hadithi isiyojibiwa bado haijaanza.

Baada ya mdomo ni mkono. Vitabu vingi vya picha vina kurasa 32, na sababu iko kiwandani: karatasi kubwa ya mashine hukunjwa na kukatwa ikatoa kurasa kwa mafungu ya nane au kumi na sita, kwa hiyo 32 inatoka bila kupoteza karatasi. Ukiondoa kurasa za mwanzo za jina na mambo ya uchapaji, mwandishi na mchoraji wanabakiwa na mara kama kumi na tatu au kumi na nne za kufunua. Bibi huzihesabu moja moja. Anataka kila kufunua kuwe na jambo lililofichwa upande wa pili, kama mtu anayebisha hodi na hujui ni nani. Kitabu ambacho ungeweza kuruka ukurasa na hakuna atakayeshtuka, anasema kimepoteza karatasi. Anakagua pia mshono wa katikati. Aliwahi kukikataa kitabu chenye rangi za kupendeza kwa sababu mshono ulikuwa umemeza uso wa mtoto aliyekuwa analia, na bila uso ule watoto wasingejua kwa nini mama yake anakimbia.

Kitabu chake cha Juni ni Handa's Surprise, cha Mwingereza Eileen Browne, kilichotoka mwaka 1994. Kisa kinatokea Kenya, upande wa Waluo. Handa amepakia matunda saba kwenye kikapu, kajitwisha, anampelekea rafiki yake Akeyo kijiji kingine, na njiani anajiuliza Akeyo atapenda lipi zaidi. Maneno hayasemi zaidi ya hapo. Lakini picha zinasema mambo mengine kabisa: nyuma yake tumbili anachomoa ndizi, mbuni anadonoa pera, pundamilia anachukua chungwa, tembo anakwapua embe, na hivyo hivyo mpaka kikapu kinakuwa kitupu na Handa hana habari. Halafu mbuzi aliyekata kamba anaugonga mchenza, na machenza yanajaza kikapu. Kumbe Akeyo hakuna tunda analolipenda kama chenza.

Nimemtazama Bibi akikisoma kwa karibu. Kitabu anakishika kwa mkono wa kushoto, usawa wa bega, kimewaelekea watoto tangu mwanzo mpaka mwisho. Yeye hakitazami. Maneno ya Kiswahili ameyaandika kwa penseli kwenye karatasi aliyoibandika mgongoni mwa kitabu, anasoma kutoka huko. Alihangaika siku mbili na tunda la mwisho, lenye rangi ya zambarau. Kamusi ilimpa karakara, sokoni wanaita pasheni, akaandika pasheni. Na hanyooshi kidole hata mara moja. Anasoma mawazo ya Handa kwa utulivu wa mtu asiyeona kitu, na hapo mtoto wa mbele anaruka: "Bibi! Tumbili!" Bibi anainua macho, anasema, "Tumbili gani tena?" na kuendelea. Wakifika kwa tembo chumba kizima kiko wima, kinampigia Handa kelele ageuke. Watoto wa miaka minne wanajua jambo asilolijua mhusika, na kwa siku ile pia wanamshinda Bibi mwenyewe. Sijui zawadi ya siku ya kuzaliwa iliyo bora kuliko hiyo.

Kuna mwaka nilimbishia. Juni 16 ni Siku ya Mtoto wa Afrika, inawakumbuka wanafunzi waliouawa Soweto mwaka 1976, nami niliona kitabu cha matunda ni chepesi mno kwa mwezi kama huo. Hakukasirika. Aliniambia habari ya Soweto atawasimulia wakubwa, walio darasa la tano kwenda juu, kwa mdomo na bila picha, wakiwa wamekaa karibu naye. Akafanya hivyo, wadogo walipokuwa nje wanacheza. Kisha akanionyesha sababu yake nyingine ya Juni: katikati ya mwaka ndipo machungwa na machenza ya Muheza yanapojaa sokoni kwetu na bei inashuka. Akifunga kitabu, kitambaa kinafunuliwa juu ya sinia, na badala ya visheti kuna machenza. Ukimya wa sekunde ile kabla hawajapiga makofi, nauingojea mwaka mzima.

Kalenda nayo haikai mahali pamoja. Machi aliitengea The Amazing Tree, cha Mtanzania mwenzetu John Kilaka, mchoraji anayefuata njia ya Tingatinga, wanyama wake wamevaa nguo za rangi kali zinazoonekana vizuri hata kutoka hatua ya nane. Ni hadithi ya ukame na mti uliojaa matunda yasiyoanguka mpaka litajwe jina lake. Wanyama wakubwa wanatumwa kwa kobe kuliuliza, wanalisahau njiani, na sungura mdogo ndiye anayelifikisha. Machi, watu wanapoingoja masika, kingefaa sana. Lakini Ramadhani hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, na mwaka 2024 Jumamosi ya mwisho ya Machi iliangukia ndani ya mfungo. "Siwezi kumsomea mtoto aliyefunga habari za matunda yaliyoiva," alisema. Akakihamishia Novemba, kwenye vuli.

Machi ile akaweka Mama Miti, kitabu cha Donna Jo Napoli cha mwaka 2010 kuhusu Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Alikuwa na kingine cha maisha ya mama huyohuyo, cha Claire Nivola, na binafsi anakipenda zaidi. Kina maneno mengi, kwa hiyo anawaazima wanaojua kusoma. Katika Mama Miti wanawake wanamjia Wangari mmoja mmoja, kila mmoja na shida yake, na kila mmoja anaambiwa mti wa kupanda. Kufikia mama wa tatu watoto wanajibu kabla ya Wangari. Na Kadir Nelson amezitengeneza picha kwa rangi ya mafuta na vipande vya vitambaa, basi wasichana wanabishana ni kitenge cha mama yake nani.

Kipo kimoja ambacho huwa nasikitika anapokiacha. Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, wengi humletea Moja Means One, cha Muriel na Tom Feelings, cha mwaka 1971. Michoro yake ni ya upole ajabu. Ila rangi zake ni za kijivu zilizofifia, kwenye hatua ya tano zimeshapotea, na mtoto wa Tanga hahitaji kuambiwa maana ya moja. "Hiki cha mapajani," Bibi husema, na anakitoa kwa mama mwenye mtoto mmoja, mahali penye mwanga.

Novemba iliyopita sungura alipokuwa anarudi kutoka kwa kobe, Bibi alinyamaza kabla ya jina la mti, kana kwamba naye amelisahau. Sauti ikatoka ukutani, ya mtoto aliyeingia na viatu mkononi hadithi ikiwa katikati. Alilisema jina lote, bila kukosea.

Jumapili yake nilipopeleka mikeka nilimkuta Bibi anachomoa vipande vya karatasi. Ana daftari lenye safu tatu: mwezi, kitabu, na pale watoto waliposema. Kwenye safu ya tatu ya Novemba aliandika "ukutani". Kiti cha plastiki kilikuwa tayari mwisho wa baraza, na kitabu cha Desemba juu yake.