Khatima Isiyofungwa: Namna Picha ya Mwisho ya «Pumzi» Ilivyojengwa

Miongoni mwa hitilafu zinazozuka barazani baada ya filamu kumalizika, hakuna iliyo ndefu, wala yenye kunoga, kuliko ile inayohusu khatima ambayo mwenyewe mtunzi hakuifunga; na kwa kuwa hitilafu hiyo aghalabu huendeshwa kwa mapenzi ya moyo kuliko kwa ushahidi wa macho na masikio, nimeona vyema leo tuahirishe kuuliza khatima ya namna hiyo ina maana gani, tuulize kwanza imefanywaje. Filamu niliyoichagua ni «Pumzi», ya mwongozaji wa Kenya Wanuri Kahiu, iliyotengenezwa 2009 na kuonyeshwa katika tamasha la Sundance, Marekani, Januari 2010. Ni filamu fupi, dakika 21 tu, lakini picha yake ya mwisho imewagawa watu wa Pemba niliokaa nao kuitazama wakawa makundi matatu, na hapana kundi lililokosa hoja.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Miaka 35 baada ya Vita Vikuu vya Tatu, vita vya kugombea maji, kuna watu wa Afrika Mashariki wanaoishi ndani ya majengo yaliyofungwa pande zote, wasitoke nje kwa kuwa Baraza linalowatawala limewaaminisha kwamba huko nje hakuna tena kiumbe kilicho hai. Maji yao hupatikana kwa kusafisha jasho na mkojo wao wenyewe, umeme huzalishwa kwa nguvu za viungo vyao juu ya mashine, na ndoto huzuiwa kwa dawa. Asha, mwanamke mtunza makumbusho ya viumbe vilivyotoweka, analetewa kifurushi cha udongo kisichotaja mpelekaji. Anaupima udongo ule na kuuona una maji mengi. Anaunusa, na papo hapo anazama katika ndoto ya mti mkubwa. Anaifukia ndani yake mbegu kongwe iliyohifadhiwa katika makumbusho, mbegu inachipua, anaomba ruhusa ya kutoka, ananyimwa, anatoroka kwa msaada wa mwanamke msafishaji, anakwenda jangwani na mche wake, na huko anaupanda mchangani, anaunywesha maji yake ya mwisho na jasho la mwili wake, kisha anaulalia kwa upande ili kivuli chake kiukinge na jua.

Hapo ndipo kamera inapoanza kupanda. Mwili wa Asha unazidi kuwa mdogo, na pale alipolala panaota mti unaokua upesi kupita desturi ya mti wowote. Kamera nayo haisimami, inaendelea kurudi nyuma na kupanua upeo, hata ukingoni mwa picha, ng'ambo ya vilima, unaonekana msitu wa kijani. Jina la filamu linatokea, na masikioni inaingia ngurumo ya radi pamoja na sauti ya mvua.

Kundi la kwanza husema kwamba yote hayo, mti na msitu na mvua, ni njozi ya mwanamke anayekata roho kwa kiu. La pili husema Asha alikufa kweli, mti ukamea kutoka mwilini mwake, na mti ule ukazaa msitu baada ya miaka mingi ambayo kamera imeifupisha. La tatu, ambalo ndilo chungu kuliko yote, husema msitu ulikuwapo tangu hapo, Baraza likiwadanganya watu, na Asha alianguka hali amebakiwa na mwendo mfupi tu kuufikia.

Kabla ya kuzipima taawili hizi yafaa kuibainisha aina ya hitilafu tuliyo nayo, maana watu wa Zanzibar si wageni wa kujadili senema, ila mjadala waliouzoea wazee wetu ulikuwa wa namna nyengine. Mwanahistoria Laura Fair, aliyewahoji wengi katika wao juu ya senema za miaka ya 1950 na 1960, ameandika kwa kirefu namna «Awara» ya Raj Kapoor, ya 1951, ilivyotikisa nyoyo na kuzua mazungumzo majumbani juu ya mapenzi, nasaba na malezi. Lakini khatima ya «Awara» haina utata: Raj anahukumiwa kifungo cha miaka mitatu, na Rita anaahidi kumngojea. Watazamaji wote waliona jambo lilelile, wakahitilafiana juu ya haki yake, kama hukumu ilistahili, na kama mwana hufuata damu ya baba au mikono iliyomlea. Katika «Pumzi» hitilafu imo katika tukio lenyewe, na anayejibu swali la tukio kwa hoja za haki, akasema kwa mfano kwamba haiwezekani Asha awe ameukosa msitu kwa kuwa huo ungekuwa udhalimu mkubwa, anatueleza wema wa moyo wake, hatuelezi filamu. Msomaji aliyepitia «Babu Alipofufuka» (2001) ya Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa kisiwa hiki cha Pemba, anaelewa ninachokusudia, kwani huko nako marehemu anamjia mjukuu wake aliye hai, na msomaji analazimika kutafuta ndani ya kurasa zenyewe dalili za kumwongoza.

Sasa nije kwenye ufundi, na ili ufundi wa Kahiu udhihirike ni lazima niuweke kando ya ufundi wa mtu mwengine. Katika «A Separation» ya Asghar Farhadi, filamu ya Irani ya 2011, mume na mke, Nader na Simin, wanaachana, na binti yao Termeh anaulizwa na hakimu atakaa na nani. Binti anasema, machozi yakimtoka, kwamba ameshaamua. Hakimu anawaambia wazazi wasubiri nje. Nao wanakaa ukumbini, huyu upande huu na huyu upande ule, kioo kikiwatenga, watu wakipita na kurudi, mpaka majina ya waigizaji na watendaji yanapopita juu ya picha na filamu ikesha. Hapa petu, ambako mizozo ya hadhana hufikishwa kwa kadhi, na kila ukoo una mtoto aliyewahi kuulizwa swali hilo, khatima hiyo huwakera watu kwelikweli. Lakini angalia ilivyofanywa. Farhadi amezuia kitu kimoja tu, jibu la binti, na vyote vilivyobaki ametupa, hata ambavyo hatukuviomba: wazazi wote wawili wamevaa nguo nyeusi, na mtazamaji mwenye makini anatambua, bila ya kuambiwa kwa neno, kwamba babu mgonjwa ambaye kwa ajili yake Nader alikataa kuondoka nchini amekwisha kufariki. Sababu ya ugomvi imeondoka duniani, na ugomvi umebaki. Utata wa Farhadi ni wa kupunguza.

Kahiu amefanya kinyume. Yeye hakuzuia kitu: mti ameuonyesha, msitu ameuonyesha, mvua ameisikilizisha, alichokiondoa ni kiungo baina ya vitu hivyo. Na amekiondoa kwa njia ambayo mtazamaji wa haraka haitambui, nayo ni kukataa kuikata picha. Mwongozaji mwengine angeonyesha Asha amelala, akakata, akaonyesha mti mkubwa, akakata tena, akaonyesha msitu. Na kwa kuwa tumezoea kusoma mkato wa namna hiyo kama kupita kwa muda, sote tungetoka tukiwa na yakini kwamba miaka imepita na kwamba msitu ni uzao wa mti. Picha isiyokatwa hubeba dhamana iliyo kinyume, maana inatuahidi kwamba tunayoyaona mwishoni yanatokea katika wakati uleule wa tuliyoyaona mwanzoni. Basi mti unapokua ndani ya picha kama hiyo, picha inatoa shahada mbili zinazopingana: kukaa kwake bila ya mkato kunasema wakati ni mmoja, na kukua kwa mti kunasema wakati ni mwingi. Humo ndimo utata wote ulimo, na ndiyo maana kuitazama filamu kwa mara nyengine hakuumalizi.

Nilikuwa nikiieleza hoja hii kwa watu wachache nyumbani Chake Chake, kompyuta ikiwa juu ya meza na picha ile ya mwisho ikienda na kurudishwa, sauti tumeizima ili mvua isituongoze, ndipo mzee mmoja mwenye shamba la mikarafuu, aliyekuwa kimya muda mrefu, akaniambia, «Mwanangu, hebu irudishe tena polepole. Huo msitu umeota, au kamera ndiyo iliyoufikia?» Tukairudisha. Mti, kweli, unakua mbele ya macho yetu. Tunauona ukiwa haupo, kisha upo. Msitu haukui. Hatuuoni ukianza wala ukiongezeka. Tunauona umeshakamilika pale tu mpaka wa picha unapoufikia. Vitu viwili vya kijani katika picha moja vimeletwa kwa njia mbili mbalimbali, kimoja kwa kukua na kimoja kwa kufunuliwa, na sikuona kwa nini mwongozaji aliyeweza kuuotesha mti ashindwe kuuotesha msitu kama ndivyo alivyotaka.

Swali hilo la mzee ndilo lililonivuta upande wa kundi la tatu, na nilipokwisha kuvutwa nikaona dalili nyengine zikiniunga mkono. Ama hoja ya njozi, siiachi kwa dharau, kwa sababu filamu imeitayarisha mapema: dunia ambayo ndoto humezewa dawa ni dunia inayotufanya tuingojee ndoto, na jangwani Asha huuona mti ambao haupo. Lakini zitazame ndoto zake zilivyopigwa. Kamera huingia nazo kwa kumfuata yeye. Uso wake, macho yake, mkono wake unaotaka kugusa, ndivyo vinavyotuonyesha kwamba tumo kichwani mwake. Katika picha ya mwisho kamera inamwacha. Inamwacha mpaka anakuwa doa mchangani, na inatazama mahali ambapo yeye, aliyelala chini huku vilima vimemkinga, asingeweza kupaona. Njozi isiyo na mwenye kuiota ni taabu kuithibitisha.

Kundi la pili lina nguvu zaidi, na hapa Pemba lina wafuasi ambao sababu zao nazistahi. Kisiwani Kokota, kisiwa kidogo upande wa magharibi, watu walikuwa wakivuka bahari kufuata maji na miti yao imekwisha kukatwa, hata walipoanza kupanda upya na kuvuna maji ya mvua. Mtu aliyeona mche wa mkono wake ukirudisha kivuli hahitaji kushawishiwa kwamba msitu unaweza kuanzia mti mmoja. Kwa upande mwengine, mtu wa Konde, anayeujua msitu wa Ngezi kuwa ni baki ya msitu mkubwa zaidi uliofyekwa, huuona msitu kama kitu kilichosalimika, na huyo huniunga mkono kabla sijafungua mdomo. Nimejifunza kutomhesabu yeyote katika hao wawili kuwa shahidi. Maisha ya mtazamaji humwezesha kuona dalili ambayo mwengine ataipita, na hiyo ni faida kubwa. Hayawezi kuitia ndani ya picha dalili isiyokuwamo.

Wapo wanaotaka kulimaliza jambo hili kwa kumuuliza mwongozaji. Mimi naona kauli ya mwongozaji nje ya filamu yake ni kauli ya mtazamaji mjuzi, yenye heshima yake, ila haibatilishi kilichopigwa wala haikitii kilichoachwa. Akisema kesho kwamba alikusudia njozi, bado tutamwonyesha kamera inayomwacha mwotaji.

Kuna jambo moja ambalo siliafiki katika ufundi wake, nalo ni ile sauti ya mvua. Picha ilikuwa imeshakamilisha kazi yake kwa uadilifu wa ajabu, ikituachia msitu ambao hatujui tuufurahie au tuulilie, na mvua inayokuja pamoja na jina inaegemea upande wa furaha; inawapa kundi la pili zawadi ambayo picha haikuwapa, kwani mvua husikika kama jibu la dua ya Asha. Ningependa zaidi libaki jina peke yake. Hata hivyo sikatai kwamba mvua ni sehemu ya filamu, na anayeitoa ushahidini kwa kuwa haimpendezi amevunja kanuni ileile ninayoitetea.

Linabaki lile la udongo, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, na ambalo watu hulisahau kwa kuwa limetokea mwanzoni mwa filamu, hali wao wanabishana juu ya mwisho. Kifurushi kile kilitoka mahali. Kiliwekwa na mkono, kikafungwa, kikapelekwa, na ndani yake mlikuwa na udongo uliojaa maji wakati Asha bado hajafungua mlango wa kutokea wala hajapanda kitu. Kama nje hapakuwa na pahala penye uhai kabla ya mti wake, udongo ule haukuwa na pa kutoka. Na kama palikuwapo, basi msitu unaofunuliwa ukingoni mwa picha ndiyo anwani ya mpelekaji, na Asha alikuwa akienda kwa watu walio hai waliomwita. Hapo kufa kwake kunakuwa kuzito zaidi, kwa sababu mche alioufia ulipandwa karibu na mahali ambapo miche ilikuwa haina uhaba, na yeye hakuwa na njia ya kulijua hilo. Wenzangu wa kundi la pili wamenijibu mara nyingi kuhusu mti, na majibu yao ni mazuri. Kuhusu kifurushi bado nawasubiri.