Hongera kwa Wanaochimba Usiku

Nawapongeza wapangaji wa barabara wa London, na pongezi hizi zinatoka moyoni. Tangu Juni 2012, mamlaka ya usafiri ya jiji hilo, Transport for London, humtoza kodi ya njia anayefukua barabara zenye magari mengi katika saa za msongamano, awe ni wa mabomba ya maji, wa gesi au wa nyaya. Mpango ulipoanza, kiwango cha juu kilikuwa pauni 2,500 kwa siku. Anayechimba usiku, magari yakiwa machache, halipi.

Lakini saa ya msongamano inajulikanaje? Hapo ndipo penye kazi ninayoipenda zaidi. Chini ya lami kumefukiwa mizingo ya waya yenye umeme. Gari likipita juu, chuma chake huutikisa mkondo ule, na mtambo huhesabu moja. Gari baada ya gari, mchana na usiku, mwaka mzima! Barabara kuu za mamlaka hiyo ni takriban asilimia 5 tu ya barabara za jiji, lakini hubeba karibu theluthi moja ya magari. Ukishalijua hilo, unajua pa kuanzia.

Fundi anayeziba shimo saa nane za usiku hatumwoni. Asubuhi abiria wa basi anakuta njia iko wazi, anapita. Na kodi iliyobaki baada ya gharama, kwa mujibu wa kanuni za mwanzo za mpango huo, ilitakiwa kutumika kupunguza usumbufu wa uchimbaji.

Hongereni sana, nyote mnaohesabu na mnaochimba.