Paulo Alifurahi, Lakini Pia Alilia

Hapa Nyarugusu vijana wanaambiwa eti Mkristo mwenye imani halii. Ushahidi wanaopewa ni Waraka kwa Wafilipi, kwa kuwa umejaa furaha. Mimi pia niliutumia hivyo: nilimwambia binti wa kikundi chetu afute machozi, afurahi. Hakurudi tena.

Jamani, tuusome wote, ni sura 4 tu. Paulo aliuandika akiwa kifungoni. Katika sura ya 2 anakiri kwamba Epafrodito, aliyemletea msaada kutoka Filipi, aliugua karibu kufa, na kifo chake kingemzidishia huzuni. Katika sura ya 3 anaandika huku analia. Katika sura ya 4 anawasihi Euodia na Sintike wapatane, tena anasema kuridhika ni kitu alichojifunza. Kumbe hata yeye hakuanza nako!

Kwangu mimi, uzito wa waraka huu ndo upo hapo. Furaha yake inadumu kwa sababu haifichi huzuni, na hajaibeba peke yake: kuna rafiki aliyepona, kuna msaada uliofika.

Binti yule akirudi, nitakaa naye kwanza. Biblia tutaifungua baadaye.