MSIMULIZI WA FILAMU WA KARIAKOO: MWIZI AU MSANII?

Mtu anayetaka kuhakiki filamu za Kariakoo asianze na picha, aanze na sauti. Ukipita Mtaa wa Msimbazi au Aggrey jioni, katikati ya honi za daladala na wauza mitumba, utasikia sauti ya mwanaume anayezungumza haraka kama anayekimbizwa. Filamu inayoonyeshwa ni ya Hong Kong, ya Marekani, ya Uhindi au ya Korea. Lakini anayezungumza ni Mswahili wetu, na katika picha hayumo kabisa. Yeye ndiye anayemwambia mtazamaji nani steringi, nani adui, na kwa nini mama yule analia mlangoni. Watu wa mjini wanaziita muvi zilizotafsiriwa. Mwenye sauti wanamwita DJ.

Makala haya yana kusudi moja: kuuliza kama kazi ya DJ huyu ni fasihi, na kama ni fasihi, basi ni mali ya nani. Nimewahi kulitoa swali hili mbele ya wenzangu wakacheka. Mmoja akasema, "Hiyo si kazi ya Idara ya Fasihi bwana, ni kazi ya polisi." Jibu hilo lilinikera, lakini baadaye niliona kwamba lina maana kuliko alivyokusudia mwenyewe. Maana hapa sheria na uhakiki vinagongana, na sisi wahakiki tumekaa kimya.

Kwanza tuondoe dhana kwamba jambo hili limezaliwa na uhuni wa mjini. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa sinema wa zama za ukoloni, wenye makao yake Vugiri huko Usambara, ulitengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na kuweka akiba. Filamu zile zilikuwa bubu. Maelezo yaliwekwa kwenye santuri, na pengine mtu alisimama na kipaza sauti akawaeleza watu wanachokiona. Kwa hiyo sauti ya Kiswahili juu ya picha ya mgeni ilianza kama sauti ya bwana shamba. Hata Japani, zama za filamu bubu, walikuwapo wasimulizi walioitwa benshi, na watu waliingia sinema kwa ajili ya jina la msimulizi kuliko jina la mchezaji. Hakuna anayewaita wale wezi. Wameingia katika historia ya sanaa ya nchi yao.

Alichofanya DJ wa Kariakoo ni kuichukua ile sauti ya bwana shamba na kuipeleka uswahilini. Katika kumbi za katikati ya jiji kama Empire na Avalon, wazee wetu walitazama filamu za Kihindi bila kuijua lugha, wakisaidiwa na jirani anayejifanya anaelewa. Ilipokuja video, yule jirani akapata kipaza sauti. Mpenzi yeyote wa kanda za VHS wa zamani analijua jina la Lufufu. Jina hilo lilikuwa kwenye gamba la kanda kama jina la mwandishi linavyokuwa kwenye jalada la riwaya.

Sasa tuingie katika fani. Nilikaa katika kibanda umiza kimoja Ilala nikatazama filamu ya Kihindi ya saa tatu, nikiwa na daftari mapajani. Niliyoyaona ni haya.

La kwanza ni mianzo. Msimulizi hakungoja hadithi ianze. Majina ya watengenezaji yalipokuwa yanapita, yeye alikuwa anawasalimia watazamaji, anataja mitaa, anawatania mashabiki wa Simba na Yanga. Hii ni nini kama si paukwa pakawa? Ni fanani anayeikusanya hadhira yake kabla ya ngano.

La pili ni ubadilishaji wa mandhari. Mji wa Mumbai uligeuka Manzese. Hakimu akapewa jina la mzee wa baraza. Mahari ya Kihindi, ambayo hutolewa na upande wa mwanamke, ilimpa shida msimulizi. Akasimama, akaeleza kwamba wenzetu kule mambo ni kinyume, halafu akauliza wanaume waliokaa kama wangekubali kuolewa. Kibanda kizima kilicheka. Mfasiri wa kawaida angeweka tanbihi chini ya ukurasa. Huyu aliitia tanbihi ndani ya mchezo, na hadhira ikamjibu. Wale tunaofundishwa kwamba fasihi simulizi huishi kwa hadhira, huo ndio ushahidi wake, na kiingilio chake ni hela ya chai.

La tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa, ni sahihi. Katikati ya filamu, mapigano yalipotulia, msimulizi alijitaja jina. Hakulitaja kwa majivuno tu. Alilitaja kwa sababu mtaa wa pili kuna mtu atakayeirudufu diski ile na kuiuza bila yeye kupata senti. Watunzi wetu wa tenzi walifanya hivyo hivyo: katika beti za mwisho mtunzi hutaja jina lake, na pengine mwaka, ili mnakili asije akamdhulumu. DJ, ambaye pengine hajawahi kusoma utenzi, ameifikia mbinu ile ile kwa sababu ana woga ule ule.

Hata hivyo, uhakiki si kusifu tu. Msimulizi yule ana dosari, tena kubwa. Haruhusu kimya. Palipo na mama anamtazama mwanawe kwa mara ya mwisho, pasipohitaji neno, yeye alitia mzaha. Wanawake wa filamu aliwapa matusi ambayo mwandishi wa filamu hakuwapa. Alipokosa kuelewa jambo alibuni, na ubunifu wake ukapingana na picha dakika kumi baadaye. Tukimwita msanii lazima tumpime kama msanii. Kumhurumia kwa sababu ni mtu wa mtaani ni namna nyingine ya kumdharau.

Sasa tuje kwenye sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inampa mtunzi haki ya pekee ya kurudufu, kutafsiri na kusambaza kazi yake. Ulinzi huo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia za Shakespeare katika miaka ya 1960 hakuhitaji ruhusa ya mtu, maana mwenyewe alikufa mwaka 1616. DJ anatafsiri kazi za watu walio hai, wenye makampuni na mawakili. Kwa hiyo, kisheria, amekosa. Hapo hakuna ubishi.

Lakini soma sheria hiyo zaidi uone maajabu. Katika orodha ya kazi zinazolindwa, pamoja na vitabu na maandishi mengine, zimo programu za kompyuta. Hili halikubuniwa na Bunge letu. Mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994, unaofungamana na biashara ya dunia, unazitaka nchi wanachama zilinde programu za kompyuta kama kazi za fasihi. Ndiyo, msomaji, umesoma sawasawa: kama kazi za fasihi! Ile programu ya kuhariri picha ambayo DJ ameipata kwa kunakili, na ambayo wengi wetu pia tunayo bila kuilipia, mbele ya sheria ni ndugu wa riwaya. Maelekezo yanayosomwa na mashine ni fasihi. Lakini mtu anayesimulia saa tatu mfululizo, anayecheza na hadhira, anayetia sahihi kama mtunzi wa utenzi, huyo mitaala yetu haimjui. Wanasheria wa biashara wamepanua maana ya fasihi kuliko sisi wanafunzi wa fasihi!

Na kuna mtego mwingine. Sheria ile ile inasema tafsiri nayo hulindwa kama kazi ya asili, bila kuathiri haki ya mwenye kazi ya kwanza. Vilevile inazo hakishiriki, yaani haki za wanaotumbuiza. Kwa hiyo DJ anaweza kuwa na hoja juu ya sauti yake. Tuseme jirani ameinakili diski yake. Akaidai haki wapi? Ili adai lazima ajitaje, aonyeshe kazi. Akionyesha kazi, amekiri kwamba filamu iliyo chini ya sauti aliichukua bila ruhusa. Sahihi anayoitia ili kujilinda ndiyo ushahidi wa kumfunga. Sijui tamthilia yenye mgogoro mkali kuliko huo, na mgogoro huu upo kila siku pale Kariakoo.

Ni haki pia tuusikilize upande wa pili. Aprili 2017 waigizaji wa Bongo Movie waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa bila kodi wala vibali. Walikuwa na uchungu wa kweli. Tangu mwaka 2013 kazi zao zilitakiwa kubandikwa stempu ya kodi, huku diski moja ya kunakili, yenye filamu nyingi za nje, ikiuzwa pembeni kwa bei ya kutupa. Mtu aliyeuza kiwanja apige filamu hawezi kushindana na mtu ambaye malighafi yake ni ya bure. Watu mitaani waliwajibu kwa kejeli, wakisema tengenezeni filamu nzuri kwanza. Jibu hilo lilichekesha lakini halikuwa la haki. Ubora wa kazi na haki ya mwenye kazi ni mambo mawili mbalimbali, na mhakiki asiyeyatenganisha anaongeza kelele tu.

Wapo wanaosema tatizo limejimaliza lenyewe, kwa sababu siku hizi filamu zinatazamwa kwa simu. Kweli diski zimefifia, watu wanajaziwa muvi kwenye memori kadi na flashi, na wengine wanatazama moja kwa moja kwenye intaneti. Lakini huko DJ amekutana na mlinzi mpya. Tangu mwaka 2007 YouTube ina mashine inayolinganisha picha na sauti na hazina ya wenye mali. Mashine hiyo haijui tanbihi wala utani. Kwake, saa tatu za usimulizi ni kasoro tu juu ya mali ya mtu.

Tena kuna jambo ambalo hatulisemi. Kibanda umiza hakimjui mtazamaji. Unatoa hela, unakaa kwenye benchi, unalia au unacheka, unaondoka. Huduma za kulipia kwenye mtandao zinakujua jina, zinajua ulitazama nini, saa ngapi, na ulikatisha wapi. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imekuja kutambua kwamba taarifa za namna hiyo zina mwenyewe. Ni vizuri. Lakini kwa msomi wa fasihi swali linabaki: hadhira inayoandikwa kila inapocheka, je, itacheka vilevile? Fanani wa zamani aliisoma hadhira usoni, nayo ikamsoma yeye. Sasa hadhira inasomwa na asiyeonekana.

Tutazame kwa jirani. Mwaka 2010, Wakaliga mjini Kampala, Nabwana I.G.G. alitoa filamu ya Who Killed Captain Alex?. Nakala iliyobaki ni ile yenye sauti ya msimulizi, VJ Emmie, juu yake. Nakala isiyo na sauti hiyo haipo tena. Dunia nzima iliyoicheka na kuipenda filamu ile imeipokea kupitia mdomo wa msimulizi. Huyu hakuiba, maana mwenye filamu alimkaribisha. Tazameni tofauti! Sanaa ni ile ile, vichekesho ni vile vile, lakini ruhusa imemtoa mtu gizani.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Mwizi au msanii? Ni msanii, na pia ametumia mali isiyo yake, na jibu moja haliliondoi jingine. Watengenezaji wa Bongo Movie wasiishie kuandamana. Wawape wasimulizi filamu zao kwa mkataba, wagawane mapato, ili sauti ipate picha ya halali. Wenzetu wa kompyuta wametuonyesha kwa leseni zao huria kwamba hakimiliki inaweza kutumika kufungua mlango, si kuufunga tu. Ofisi ya Hakimiliki nayo imtafutie msimulizi njia ya kujiandikisha ambayo si njia ya kwenda rumande.

Na sisi? Sisi tubebe daftari twende kwenye vibanda, turekodi, tulinganishe, tukosoe. Kizazi cha Lufufu kilisimulia juu ya kanda ambazo sasa zinaliwa na ukungu, na hakuna maktaba iliyozihifadhi kwa sababu hakuna anayetaka kuonekana akihifadhi mali ya wizi. Tukingoja mahakama zituambie ni fasihi ndipo tuihakiki, tutakuta kanda tupu. Anayepinga na apinge, kurasa zipo. Ila kabla hajashika kalamu, aende kwanza Kariakoo akasikilize.