"Mwachishe Chupa": Kusoma Sentensi ya Maneno Mawili

Mwanangu alipotimiza miezi 15 niliambiwa kliniki maneno mawili: "Mwachishe chupa." Muuguzi aliyatamka huku akijaza uzito kwenye kadi, kisha akamwita mama aliyefuata. Kitabibu alisema kweli. Lakini usiku ulipoingia na mtoto akaililia chupa yake, nilijikuta sijui nianzie wapi. Tangu hapo nimekuwa nikiisoma sentensi ile kama isomwavyo beti ya shairi, kiambishi kwa kiambishi, na naamini sehemu kubwa ya taabu yangu ilikuwa katika umbo lake.

Tumtafute mtoto kwanza, maana jambo ni lake. Tukisema "mtoto ameacha chupa", yeye ndiye mtenda. Tukipachika -ish-, anasukumwa hadi kuwa mtendwa, na katika "mwachishe" amebaki mw- tu, kiambishi kilichobanwa mbele ya mzizi. Mama naye haonekani kabisa, amri imemficha. Umbo hili hili ndilo tunalotumia kwa mtu aliyeachishwa kazi. Linasikika kama uamuzi uliopitishwa juu ya mtu asiyekuwapo kikaoni.

Kinachosikika waziwazi ni chupa. Neno hilo limekaa mwisho na mkazo wa sentensi umeliangukia, kwa hiyo linalobaki masikioni ni lile tunalotaka lisahaulike. Kikombe hakimo. Sentensi inaondoa chombo bila kusema maziwa yaende wapi, na mama atakayeifuata neno kwa neno anaweza kukatiza chupa na maziwa kwa pamoja. Mtoto wa mwaka wa pili bado anafaidika na maziwa, ila kwa kiasi: takribani vikombe viwili kwa siku vinatosha. Akizidisha anashiba kabla ya kula, naye anakosa madini ya chuma yanayotoka kwenye maharage, mboga na nyama.

Wakati pia haumo. Ile -e ya mwisho haina kiambishi cha njeo; inaamuru tu, kana kwamba jambo litakwisha leo jioni. Nyumbani kwangu lilichukua wiki sita. Tulianza na maziwa ya mchana, mafunda mawili matatu katika kikombe cha plastiki kisicho na kifuniko, nguo ikilowa kila siku. Chupa ya kulalia ndiyo iliyotoka mwisho, na ndiyo yenye madhara zaidi: mtoto akisinzia na chuchu mdomoni, sukari ya maziwa hubaki kwenye meno ya mbele ya juu, na mate ya kuyasafisha hupungua usingizini.

Kiswahili kina kitenzi kingine cha kumwachisha mtoto kunyonya, "kulikiza". Nacho ni cha kusababisha, nacho kinamfanya mtoto kuwa mtendwa. Lakini kamusi inakiweka jirani na "likizo", ruhusa ya mtu kupumzika, na ujirani huo unanipendeza mno. Anayelikizwa amepewa ruhusa ya kuondoka. Ni masikitiko yangu kwamba neno hili halisikiki tena kwenye vyumba vya kliniki.

Utajiri mkubwa zaidi, hata hivyo, uko katika vitenzi viwili ambavyo mtoto mwenyewe anapita kati yake. Tamka "nyonya" polepole. Ulimi unapanda kugusa kaakaa, unashuka, unapanda tena. Neno linarudia tendo lenyewe. Sasa tamka "nywa". Ulimi unapanda mara moja tu, midomo inaviringana kama iliyowekwa ukingoni mwa kikombe, halafu kinywa kinafunguka. Hata "kinywa" kina kitenzi hicho ndani yake. Mtoto anayehama kutoka chupa anafundisha ulimi na midomo yake tofauti hii hii, na hilo halitaki haraka.

Tena "nywa" ni kitenzi cha silabi moja, na katika "anakunywa" na "alikunywa" kinahitaji ku- ya kukishika mkono. Katika "anywe" kinasimama peke yake. Nilimshika mwanangu mkono chini ya kikombe kwa wiki nyingi, na kila nilipomwambia baba yake "mwache anywe" nilisikia sarufi ikisema nilichokuwa nikikiona.

Ni sentensi ipi basi ingefaa kliniki? "Anywe kwa kikombe" inamrudisha mtoto kwenye nafasi ya mtenda, lakini haimgusi mama, naye ndiye aliyesimama mbele ya muuguzi. Nachagua "Mzoeshe kikombe." Bado ina kiambishi cha kusababisha, na bado mtoto ni m-. Lakini kitenzi "zoea" kimebeba muda ndani yake, kwa kuwa hakuna anayezoea kitu kwa siku moja, na neno la mwisho, lenye mkazo, ni kile anachopewa.

Wauguzi wetu, "Mwachishe chupa" na "Mzoeshe kikombe" zote ni za maneno mawili. Haitawagharimu hata sekunde moja zaidi. Mwambieni mama "Mzoeshe kikombe" mtoto anapofikisha miezi 6 na kuanza chakula, msingoje miezi 15, na mwandikieni maneno hayo kwenye kadi.